Koleo jepesi la safari ya Kajiado: mizani peke yake haitoshi

Kila likizo ya Agosti au Disemba ikikaribia, vijana wetu wa Pwani hunipigia simu. Wanajua naishi Kitengela, nao wanataka kupanda vilima vya Ngong, kuendesha baiskeli mpaka Magadi au kulala hemani karibu na mlima Ol Doinyo Orok, kule Namanga. Tukishamaliza habari za viatu na hema, swali la mwisho huwa moja: tubebe koleo gani ambalo halitatulemea? Wapo wanaoliita plaizi, lakini chombo ni kilekile. Leo nawajibu wote kwa pamoja.

Kwanza tuelewane kwa nini chombo hiki kinahitajika. Kaunti ya Kajiado ina zaidi ya kilomita za mraba 21,000, na sehemu kubwa ni nyika kavu. Ukitoka Kiserian kwenda Magadi, barabara inateremka Bonde la Ufa na joto linapanda kila unaposhuka. Huko duka la vipuri huoni, na maji ni yale uliyobeba. Bizimu la mkoba likivunjika ukiwa Mombasa, unaenda kwa fundi wa barabara ya pili. Likivunjika katikati ya safari ya Magadi, unabeba lita tano za maji mkononi, au unazimwaga ili upunguze mzigo. Hapo ndipo ajali ndogo inapogeuka kuwa hatari.

Basi usianze kwa kuuliza koleo lina uzito gani. Anza kwa kuuliza ni kitu gani kitaharibika. Kwa uzoefu wangu wa huku, mambo ni manne. La kwanza ni miba ya migunga, inayozama kwenye gurudumu na hata kupenya soli ya kandambili. Kuing'oa kwa vidole haiwezekani. La pili ni zipu ya hema au mkoba. Vumbi hula kichwa chake, kikalegea na meno yakaacha kufungana. Ukikibana taratibu pande zote mbili, mara nyingi zipu inafunga tena. La tatu ni mkanda uliochanika: sindano haipiti kwenye kitambaa kinene mpaka uivute kwa koleo. La nne ni waya, iwe ni wa kufungia bizimu lililovunjika au wa kushikilia kigingi na keria.

Ukitazama kazi hizo, hakuna hata moja inayotaka koleo kubwa la fundi wa umeme. Koleo la kawaida la sentimita 20 lina uzito wa karibu gramu 300. Lile la mdomo mrefu la sentimita 13 hadi 15 huwa kati ya gramu 100 na 150. Tofauti hiyo inakaribia glasi moja ya maji, na kwenye barabara ya Magadi glasi moja ya maji si kitu cha kudharau.

Lakini wepesi una bei yake. Koleo ni wenzo. Mishikio ikiwa na sentimita 12 kutoka kwenye msumari wa katikati na mdomo ukiwa na sentimita 3, nguvu ya mkono wako inazidishwa mara nne. Fupisha mishikio iwe sentimita 6 na mdomo uachwe vilevile, utapata mara mbili tu. Ndiyo maana vile vikoleo vya kuning'inia kwenye funguo, vya gramu hamsini na kitu, vinafaa kwa zipu na mwiba mdogo, lakini nati iliyoshika kutu vitaiachia. Kwa safari ya siku mbili au tatu, mimi nashauri usishuke chini ya sentimita 12.

Wengi huniuliza kuhusu vile vyombo vya kukunja vyenye koleo, kisu na bisibisi pamoja. Asili yake inachekesha kidogo. Mmarekani Tim Leatherman alisafiri Ulaya na Mashariki ya Kati mwaka 1975 akiwa na Fiat kuukuu iliyokuwa ikiharibika kila mara, na kisu chake cha mfukoni hakikuwa na koleo. Chombo alichokibuni baadaye kilianza kuuzwa mwaka 1983. Ni kizuri, ila kile cha ukubwa kamili, kama Leatherman Wave, kina karibu gramu 240. Ukiwa tayari una kisu na bisibisi ndogo, unabeba kitu kimoja mara mbili. Tena kina kisu, na anayekuja kwa treni kutoka Miritini anajua ukaguzi wa mizigo ulivyo. Koleo tupu lina maelezo mepesi zaidi.

Ukifika dukani, usidanganywe na rangi ya mpira kwenye mishikio. Fanya haya. Lifunge koleo ulielekeze kwenye mwanga: ncha zikiacha upenyo, halitashika mwiba. Litikise kushoto na kulia: likicheza kwenye msumari wa katikati, liache. Lifungue na kulifunga kwa mkono mmoja, maana mkono wa pili utakuwa umeshika gurudumu. Kata kipande cha waya laini wa kufungia vyuma: ukate mara moja, usiutafune. Mwisho, liweke kwenye mizani. Kama muuza duka hana, muuza nyanya wa jirani anayo.

Jambo moja la hapa Kitengela nisilisahau. Mbuga zilizo kusini mwa Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, walikokuwa wakipita nyumbu na pundamilia, siku hizi zimejaa seng'enge. Utakutana nazo. Usijaribu kuzikata kwa koleo jepesi. Waya ule ni mgumu, utatoboa makali ya koleo, nawe utabaki bila chombo. Zaidi ya hapo, ni ua wa mtu. Mbuzi wakitoka, shida inamwangukia mwenye boma. Zunguka, utafute lango.

Sisi watu wa Pwani tuna adui mwingine, nao ni chumvi ya hewani. Koleo likikaa miezi sita kwenye droo ya nyumba ya Likoni, kutu inaingia kwenye msumari na linakataa kufunguka. Lipanguse, litie tone la mafuta ya cherehani, lifungue na kulifunga mara kadhaa, kisha uliviringishe kwenye kitambaa kikavu. Rudia kabla ya kila safari.

Kwa hiyo, anayetaka jibu fupi nampa hili: koleo la mdomo mrefu, sentimita 13 hadi 15, lisilozidi gramu 150, lenye makali ya kukatia. Lizungushie mita mbili za waya laini, na uweke sindano nene na uzi wa nailoni kando yake. Usiliweke chini kabisa ya mkoba. Litie kwenye mfuko wa nje, pale mkono unapofika bila kumwaga vitu vyote vumbini.