Kicheko cha Kashasha

Nilikuja nikaona! Nanyi itikieni kama wazee wetu: Ona, nasi tuone.

Leo hakuna sungura wala fisi, wajukuu zangu. Haya yalitokea kweli mwaka 1962 huko Kashasha, upande wa Muleba, kilomita 40 hivi kutoka Bukoba. Palikuwa na shule ya bweni ya wasichana, ya misheni. Tarehe 30 Januari wasichana watatu wakaanza kucheka.

Ajabu iko wapi? Subirini. Walicheka wakashindwa kuacha. Kicheko kikageuka kilio, kilio kikarudi kuwa kicheko. Ukimshika mmoja ili atulie, anapigana nawe. Wengine walisema kuna kitu kinawafukuza. Kilimpata mmoja dakika chache, mwingine saa kadhaa, kikaacha, kisha kikarudi. Kufikia katikati ya Machi wanafunzi 95 kati ya 159 walikuwa wamepatwa. Mwalimu hakupatwa hata mmoja! Shule ikafungwa.

Kumbe kuifunga ni kupuliza makaa. Wasichana walirudi makwao, na kule Nshamba, kijiji cha baadhi yao, watu 217 wakapatwa, wengi wao vijana na watoto wa shule.

Madaktari walipima damu, wakapima na maji ya uti wa mgongo. Hawakupata mdudu wala sumu, na hakuna aliyekufa. Wapo waliodai hewa imechafuliwa na mabomu ya atomiki. Mwaka 1963 madaktari wawili, Rankin na Philip, waliandika kwamba chanzo kilikuwa akilini, na kwamba hali hiyo ilienea kwa kuonana. Naona walisema kweli. Hofu ikikosa njia ya mdomoni hutokea mwilini. Nchi ilikuwa na uhuru wa wiki chache tu, na msichana wa bweni alibebeshwa matumaini ya ukoo mzima huku kila saa yake ikipangwa kwa kengele.

Mbona hawakusema tu kwamba wamelemewa? Wangemwambia nani? Hata leo mtoto akisema moyo wake umechoka, huambiwa ni mvivu, au ana pepo. Mama atanong'ona, “Habari hiyo usiitoe nje, nani atakuoa?” Hakosei sana, maana kabla ya posa wazee hupeleleza: ukoo ule una kifafa? Una wazimu? Basi mgonjwa hufichwa chumba cha nyuma. Hata Mirembe, hospitali ya Dodoma inayotibu wagonjwa wa akili tangu 1927, ninyi mmeifanya tusi la uwanjani. Nimewasikia!

Wale wasichana watatu, kama wako hai, wanakaribia miaka 80 sasa. Huenda mmoja ni bibi mnayempisha njiani akienda sokoni Bukoba. Mkibahatika kumjua, mwamkieni, mmpokee kikapu. Habari za kucheka kwake zitafuata baadaye. Kwanza mwulizeni alikuwa akiogopa nini.