Kilima cha Kuvunja Moyo: Adui ni Mteremko

Sekunde moja ni kitu gani? Ni kufumba na kufumbua. Funda la kahawa halijapita kooni, nayo imekwisha kupita. Lakini siku ya Jumatatu, tarehe 18 Aprili 1988, katika mji wa Boston nchini Marekani, sekunde moja iliwatenganisha wanaume wawili waliokuwa wamekimbia zaidi ya kilomita 42.

Wa kwanza alikuwa Ibrahim Kipkemboi Hussein, Mkenya mzaliwa wa Nandi. Alitumia saa 2, dakika 8 na sekunde 43. Wa pili alikuwa Juma Ikangaa, askari wa jeshi la Tanzania, aliyetumia saa 2, dakika 8 na sekunde 44. Mbio hizo zilianzishwa mwaka wa 1897, na kwa miaka tisini na zaidi hapakuwa na Mwafrika aliyewahi kuzishinda. Siku hiyo mlango ulifunguliwa, na tangu hapo Wakenya wameingia na kutoka kama nyumbani kwao.

Ibrahim na Juma! Majina ambayo msomaji angeweza kuyasikia yakiitwa katika baraza yoyote ya Mji wa Kale wa Mombasa, ama Lamu, ama Malindi. Ndiyo sababu leo nimependa tuzungumze habari za mbio za Boston, na hasa vile vilima vyake. Wakimbiaji waliopita huko husimulia jambo moja ambalo, kwa maoni yangu, lina mafunzo hata kwa mtu ambaye maishani mwake hajapata kukimbia ila kuwahi feri.

Njia yenyewe

Mbio hufanywa kila mwaka siku ya Jumatatu ya tatu ya mwezi wa Aprili. Hazianzii Boston. Huanzia katika mji mdogo uitwao Hopkinton, magharibi ya jiji, na wakimbiaji hupelekwa huko asubuhi na mapema kwa mabasi ya manjano, yale yanayochukua watoto wa shule. Wakifika, huketi kungoja zamu zao. Aprili ya huko ni ya baridi, basi wengi huvaa nguo kuukuu ambazo huzivua na kuziacha pale pale mbio zinapokaribia kuanza, nazo hukusanywa zikapewa maskini.

Mlio ukishalia, barabara huteremka. Hapa ndipo penye hila yote. Hopkinton iko juu kuliko mwisho wa mbio kwa takriban mita 140, na sehemu kubwa ya kushuka huko iko katika nusu ya kwanza. Mkimbiaji ametoka kupumzika, miguu ni myepesi, watu wanamshangilia kando ya njia, na ardhi yenyewe inamsukuma mgongoni. Anajiona hodari. Anatazama saa yake na kuona kwamba amekwenda upesi kuliko alivyokusudia, na bado pumzi anazo tele. Nani atakayemwambia apunguze mwendo?

Katikati ya safari wako wasichana wa chuo cha Wellesley, wamejipanga kando ya barabara wakipiga mayowe ya kushangilia. Wakimbiaji husema kwamba kelele zile huzisikia kabla hawajamwona hata mmoja wao. Hapo pia mtu huongeza mwendo bila kujijua.

Kisha huja mji wa Newton. Kuanzia kilomita ya 26 hivi hadi ya 33, barabara hupanda mara nne. Kilima cha nne ndicho kilichopewa jina linalotisha: Kilima cha Kuvunja Moyo.

Si mlima

Msomaji akisikia jina hilo atadhani ni mlima wa kutisha, kama ile ya kwa Wataita. La hasha! Kilima hicho kina urefu wa mita 600 hivi, na kimo chake, tangu chini hadi juu, ni takriban mita 27. Mnazi mrefu wa shambani waweza kufika kimo hicho. Mtoto wa shule angekipanda akitafuna muwa wake asisite.

Basi kwa nini mabingwa hulia pale? Sababu ni kwamba hawakifikii wakiwa wazima. Waliowahi kukimbia njia ile watakwambia kwamba kilima hakina kosa kubwa. Mkosaji ni ule mteremko walioufurahia asubuhi.

Jambo hili lina maelezo yake. Mtu anapopanda, misuli ya mapaja hujikunja ikimsukuma juu. Anapoteremka, misuli ile ile hufanya kazi ya breki: inanyooshwa na huku inajizuia ili mwili usiporomoke. Kazi hiyo ya kunyooshwa na kuzuia kwa wakati mmoja huchana nyuzi ndogo ndogo za misuli. Saa ile mtu hasikii kitu. Huja kusikia baadaye, akitaka kupanda, miguu ikakataa amri.

Fauka ya hayo, mwili huweka akiba ya sukari ndani ya misuli na katika ini, na kwa watu wengi akiba hiyo hukaribia kwisha baada ya kilomita 30 hivi. Aliyekwenda mbio kupita kiasi mwanzoni huimaliza mapema zaidi. Tazama basi mambo yanavyokutana: miguu imechanika, akiba imekwisha, na papo hapo kilima kinasimama mbele yake. Kesho yake utawaona wakimbiaji wa Boston wakishuka ngazi kinyumenyume, wameshika ukuta, kwa kuwa mapaja hayawezi tena kazi ya breki.

Hamali wa Likoni analijua jambo hili bila ya kufundishwa na daktari. Mtazame anapoteremsha mkokoteni uliojaa mzigo kwenda ferini. Hakimbii ati kwa kuwa njia inashuka. Amejilaza nyuma, visigino amevikaza chini, mishipa ya shingo imemsimama. Anajua kwamba kupanda humtoa mtu jasho, lakini kuteremka kwaweza kumvunja.

Jina lilikotoka

Jina la kilima lilitokana na kisa cha mwaka wa 1936. Johnny Kelley, aliyekuwa ameshinda mwaka uliotangulia, alikuwa akimfukuza Ellison Brown, kijana wa kabila la Narragansett, mmojawapo wa makabila ya wenyeji wa asili wa Marekani. Kelley alimpata pale kilimani, na katika kumpita akampigapiga mgongoni, kama anayemwambia: pole ndugu, umefanya vyema, sasa niachie mimi.

Mkono ule ulimwamsha Brown. Alichomoka, akaenda zake, akashinda mbio. Kelley alimaliza wa tano. Mwandishi wa gazeti mmoja wa Boston aliandika kwamba kilima kile kilimvunja Kelley moyo, na jina likakaa hata leo.

Lakini moyo wa Kelley haukuvunjika daima. Alishinda tena mwaka wa 1945, na mara saba katika maisha yake alitoka wa pili. Alizikimbia mbio za Boston mara 61, na mara ya mwisho ilikuwa mwaka wa 1992, akiwa na umri wa miaka 84. Siku hiyo hiyo, mbele kabisa, Ibrahim Hussein alikuwa akishinda kwa mara ya tatu, baada ya kushinda 1988 na 1991. Mzee na bingwa walipita juu ya kilima kimoja siku moja, kila mtu na kipimo chake. Leo sanamu ya Kelley imesimama huko Newton, karibu na kilima chake: kijana na mzee wameshikana mikono, na wote wawili ni yeye.

Juma wa pili

Turudi kwa Juma Ikangaa, maana ndugu huyu hadithi yake haikuishia katika sekunde ile moja. Mwaka wa 1989 alirudi Boston akatoka wa pili, nyuma ya Abebe Mekonnen wa Ethiopia. Mwaka wa 1990 akarudi tena. Safari hiyo aliondoka Hopkinton kwa kasi kubwa mno, mteremko ukimchukua. Lakini Gelindo Bordin wa Italia, aliyekuwa bingwa wa Olimpiki, alijizuia nyuma, akampita baadaye na kushinda kwa zaidi ya dakika moja. Mara tatu mfululizo Juma akawa wa pili.

Je, alivunjika moyo? Katikati ya mambo hayo, mnamo Novemba 1989, alikwenda New York akashinda kwa saa 2, dakika 8 na sekunde 1, kasi ambayo njia ile haikuwa imewahi kuiona. Ikangaa anakumbukwa pia kwa neno lake kwamba nia ya kushinda haifai kitu pasipo nia ya kujiandaa. Wahenga wetu walikwisha kulinena kwa namna yao: ukiona vyaelea, vimeundwa.

Watanzania hawajaacha kuzibisha hodi zile. Mwaka wa 2023 Gabriel Geay alitoka wa pili nyuma ya Mkenya Evans Chebet. Mwaka wa 2025 Alphonce Simbu naye alitoka wa pili. Mwezi wa Septemba mwaka huo huo, Simbu alikwenda Tokyo akawa bingwa wa dunia wa marathoni, na safari hii ni yeye aliyemtangulia mwenziwe kwa chini ya sekunde moja. Aliyekosa kwa nywele anaweza pia kupata kwa nywele.

Hata mabingwa

Asidhani mtu kwamba haya huwapata wanyonge tu. Mwaka wa 2023 Eliud Kipchoge alikwenda Boston akiwa na rekodi ya dunia ya saa 2, dakika 1 na sekunde 9, aliyoiweka Berlin, mji wenye njia iliyo sawa kama meza. Alitangulia mwanzoni, lakini kwenye kilomita ya 30 hivi, huko vilimani, wenzake walimwacha. Alimaliza wa sita. Hakujitoa njiani, alikwenda mpaka mwisho.

Hata sheria zenyewe hazimwamini mteremko. Mwaka wa 2011 Geoffrey Mutai alishinda Boston kwa saa 2, dakika 3 na sekunde 2. Duniani kote hapakuwa na mtu aliyewahi kukimbia masafa hayo kwa muda mfupi kama huo, lakini haikuhesabiwa kuwa rekodi ya dunia. Kanuni zasema njia isishuke zaidi ya mita moja katika kila mita elfu, wala mwanzo na mwisho visiwe mbali mno. Boston inavuka mipaka yote miwili. Kilichopatikana kwa kusaidiwa na mteremko hakikuandikwa.

Wanawake nao wana sehemu yao. Mwaka wa 1966 Bobbi Gibb alijificha kichakani karibu na mstari wa kuanzia, akaingia mbioni bila ya nambari, kwa kuwa wanawake hawakuruhusiwa. Ruhusa rasmi ilikuja mwaka wa 1972. Baadaye Catherine Ndereba wa Kenya alishinda mara nne, Hellen Obiri mara mbili, na mwaka wa 2025 Sharon Lokedi alishinda kwa saa 2, dakika 17 na sekunde 22, akivunja rekodi ya wanawake ya njia hiyo.

Mbio na saumu

Huenda msomaji ameuliza: na Ramadhani ikiangukia siku hiyo? Imekwisha kuanguka. Kwa kuwa mwaka wetu wa mwezi hurudi nyuma siku 11 hivi kila mwaka, mbio za 2022 na za 2023 zote mbili zilikuwa ndani ya mwezi mtukufu. Msafiri ana ruhusa ya kula na kulipa siku zake baadaye, na hilo latosha kumtuliza aliyetoka mbali. Lakini yule mkaazi wa huko, asiyesafiri, aliyejifanyia mazoezi mwaka mzima, yeye alikuwa na kilima chake cha kwanza kabla hata hajafika Hopkinton: kuchagua.

Vijana wetu

Mara nyingi nimewasikia vijana wa Pwani wakisema kwamba kukimbia ni kazi ya watu wa milimani. Sisi tumezaliwa mchangani, njia zetu ni tambarare, tutafutiwe mchezo mwingine. Ni kweli kwamba hewa ya juu humsaidia mkimbiaji, na sitaki kumdanganya mtu. Lakini jambo kubwa linalofundishwa na Boston halihitaji mlima. Ni kujizuia wakati mambo ni mepesi. Hilo laweza kufundishwa Kilindini, Kwale na Pate.

Nasi katika lugha yetu, tukitaka kusema kwamba mtu amepata jambo bila taabu, husema amelipata kwa mteremko. Mali ya mteremko, kazi ya mteremko, cheo cha mteremko. Kila mtu hukiomba. Wakimbiaji wa Boston wao huuogopa, kwa kuwa wamekwisha kujua kwamba deni lake hulipwa kilomita ya 33, mtu akiwa hana tena cha kulipia.

Kwa hiyo, kijana, siku njia yako itakaposhuka na upepo ukakusukuma mgongoni, mkumbuke hamali wa Likoni. Kaza visigino. Kilima kiko mbele.