TB ikiharibu mapafu: kwa nini mashine ya kupumulia haiwekwi nguvu nyingi?

Kikohozi cha wiki mbili au zaidi, homa, jasho la usiku, kupungua uzito: dalili hizi za TB tumezitangaza mara nyingi. Leo tunaeleza kinachofuata mgonjwa akichelewa hadi mapafu yakashindwa kazi.

Kutoka Ntobeye, mgonjwa wa aina hiyo huanzia hospitali za Ngara. Akihitaji mashine ya kupumulia, huenda akapewa rufaa hadi Bugando, Mwanza. Huko ndugu hushangaa: mtu wetu anahema kwa shida, mbona daktari haongezi nguvu ya mashine?

Chukua mpira mwembamba, uzamishe sentimita 30 kwenye ndoo ya maji, upulize mpaka mapovu yatoke. Nguvu uliyotumia ndiyo mpaka ambao madaktari hujitahidi wasiuvuke ndani ya mapafu. Inaonekana ndogo, lakini pafu lenye TB halifanani kote. Kuna sehemu iliyokakamaa isiyopokea hewa, kuna iliyobaki laini, na pengine kuna shimo. Hewa hukimbilia penye ulaini. Ukiisukuma kwa nguvu, unaijeruhi ile sehemu nzima iliyobaki. Na shimo likipasuka, hewa huvujia kati ya pafu na ukuta wa kifua, pafu likasinyaa. Hapo mgonjwa huhitaji kuwekewa mpira kifuani haraka.

Kiasi cha hewa nacho hupimwa: mililita 6 kwa kila kilo. Kilo hizo hukadiriwa kwa urefu na jinsia, si kwa mizani, maana mtu akikonda mapafu yake hayakondi naye. Wa kilo 60 hupata mililita 360 kwa pumzi moja, karibu sawa na soda ya chupa. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2000, kwa wagonjwa 861 ambao mapafu yao yaliumia kwa sababu mbalimbali, ulionyesha kuwa waliopewa pumzi ndogo hivi walikufa 31 kati ya 100. Waliopewa pumzi kubwa walikufa 40.

Pumzi ikitoka, mashine hubakiza nguvu kidogo, mara nyingi kuanzia sentimita 5, ili vifuko vya hewa visijifunge.

Hata hivyo mashine haiui vijidudu vya TB. Dawa huendelea kutolewa, zikipitishwa kwenye mrija wa puani. Ni dawa zilezile zinazotolewa bure kwenye vituo vya serikali, ambazo aliyewahi kupima huzimeza akiwa nyumbani kwake, kwa kawaida miezi 6.