Pistoni Kwanza, Kuchonga Baadaye



Katika mashamba ya chai hapa Uganda, Land Rover kuukuu bado zinafanya kazi: kupeleka wagonjwa hospitali, kubeba mbolea, kuvuta trela. Injini ikianza kutoa moshi wa buluu, maneno nayo huanza: dereva hajui kutunza gari, dereva akatwe mshahara. Sisi wa tawi tumeyaona hayo. Kwa hiyo tumeona vema tueleze jinsi bloku inavyochongwa ili ipokee pistoni kubwa zaidi, na mahali kazi hiyo inapoharibika, ili mwenzetu asilipe deni lisilo lake.

SILINDA INAVYOLIKA

Injini ikizunguka mara 2,000 kwa dakika, kila pistoni hupanda mara 2,000 na kushuka mara 2,000. Ringi husugua ukuta wa silinda wakati wote huo. Karibu na juu, moto ni mkali na oili ni kidogo; ndipo chuma kinapolika zaidi. Tena pistoni husukumwa ubavuni, kwa hiyo tundu lililokuwa duara hugeuka kuwa kama yai. Vumbi la barabara likipenya kwenye kichujio cha hewa, huchanganyika na oili na kusaga chuma kama msasa.

Lakini moshi wa buluu peke yake si ushahidi. Oili huweza kupita kwenye valvu pia. Pima mgandamizo wa kila silinda. Kisha tia kijiko cha oili kupitia tundu la plagi, upime tena. Kipimo kikipanda, ubovu uko kwenye ringi au silinda. Kisipopanda, angalia valvu na gasketi kabla ya kuifungua injini yote.

HESABU INAYODANGANYA WENGI

Tuchukue injini ya petroli ya Land Rover ya lita 2.25, iliyoanza kutumika mwaka 1958. Ina silinda nne, na tundu la kila silinda likiwa jipya lina upana wa milimita 90.47. Fundi hupima kila silinda juu, katikati na chini, na kila mahali hupima mara mbili: kufuata urefu wa krenki na kuikata krenki. Hivyo ni vipimo 6 kwa silinda, na 24 kwa bloku nzima. Silinda mbovu kuliko zote ndiyo inayoamua, kwa maana zote nne huchongwa kwa saizi moja.

Pistoni kubwa zinazopatikana mara nyingi kwa injini hiyo ni zile zilizoongezwa inchi 0.020, yaani milimita 0.51, na zile za inchi 0.040, yaani milimita 1.02. Sasa tuseme silinda mbovu imelika milimita 0.35. Mtu atasema 0.51 inatosha. Si lazima! Mashine hufuata kitovu cha zamani cha tundu, ikikata pande zote sawasawa. Katika 0.51, kila upande hukatwa 0.25 tu. Ikiwa ulikaji wote uko upande mmoja, kovu litabaki na oili itaendelea kupita. Hapo hakuna budi kwenda 0.040. Na baada ya 0.040, safari nyingine ni kuvalisha silinda slivu mpya, kazi yenye gharama zaidi.

YALIYOTUPATA

Gari moja la shambani kwetu lilipelekwa karakana ya mjini. Ofisi ilikuwa na haraka, ikaagiza bloku ichongwe kwa 0.040 wakati pistoni ziko njiani kutoka Mombasa. Zilipofika zilikuwa za 0.020. Zilicheza ndani ya silinda kama mchi ndani ya kinu. Bloku ilibidi ivalishwe slivu, na mtu wa kwanza kutajwa kulipa alikuwa dereva, ambaye hata karakana hakuiona! Tawi lilidai karatasi ya vipimo. Haikuwapo. Kwa kukosekana karatasi hiyo, ofisi haikuweza kumkata mwenzetu hata senti.

Tangu hapo tunashika kanuni hii: pistoni kwanza, kuchonga baadaye. Hata kama boksi limeandikwa saizi sahihi, fundi apime kila pistoni kwa mikrometa, kisha achonge kila silinda kwa pistoni yake na kuzitia namba. Pistoni ya aluminiamu hutanuka kwa moto kuliko chuma cha bloku. Ikibanwa mno, itakwama. Ikilegea mno, itagonga na kula oili. Nafasi hiyo ni ndogo kuliko unene wa karatasi ya daftari, na kipimo chake kimo katika kitabu cha injini.

BAADA YA MASHINE

Mashine haikati mpaka mwisho. Huacha kiasi kidogo sana, ambacho humalizwa kwa mawe ya kusugua. Mawe hayo huacha michoro inayokatana, nayo hushika oili. Kisha bloku ioshwe kwa maji ya moto, sabuni na brashi. Petroli peke yake haiondoi unga wa mawe. Pitisha kitambaa cheupe; kikitoka cheusi, osha tena. Ikikauka, paka oili mara moja, maana kutu haingoji kesho.

Kilomita za mwanzo, gari lisivute trela wala kupandishwa mlima kwa nguvu, na oili ya kwanza imwagwe mapema. Badili pia mpira wa hewa uliopasuka. Vumbi lililoua silinda za kwanza litaua na hizi.

Ndugu, chuma kilichokatwa hakirudi. Gari likienda kuchongwa, tawi liombe mambo matatu: dereva awepo wakati wa kupima, vipimo vyote 24 viandikwe na kutiwa sahihi, na nakala moja ibaki kwa katibu. Karatasi hiyo moja ni kinga ya injini, na ni kinga ya mshahara wa mwenzetu.