Nyumba Mpya ni Nzuri, Lakini Je, Imekauka?

Mtu wa mjini anapotafuta nyumba ya kupanga, aghalabu huuliza maswali matatu: kodi ni pesa ngapi, maji yapo, na je, nyumba ni mpya? Akijibiwa kwamba ni mpya, hana swali la nne. Rangi inang'aa, vigae vinateleza, choo kimo ndani na hakuna mpangaji aliyetangulia akaacha kunguni wake humo. Nyumba kuukuu nayo huhesabiwa kuwa makao ya maradhi, na anayeishi ndani yake hudhaniwa kwamba bado hajajaliwa uwezo wa kuhama.

Wapo pia wenye maoni yaliyo kinyume kabisa, hasa wazee wetu. Wao husema nyumba mpya ina baridi inayoingia mifupani, na kwamba nyumba za zamani kama zile za Kaloleni jijini Nairobi zilijengwa na watu waliojua kazi yao. Mpenzi msomaji, kila upande una ukweli wake. Mimi kama daktari naliona jambo hili hivi: nyumba mpya hudhuru zaidi katika miezi yake ya kwanza, ilhali nyumba kuukuu hudhuru zaidi inapovuja au siku inapokarabatiwa.

Tuanze na hiyo mpya. Jengo la mawe na saruji huzaliwa likiwa limejaa maji. Mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50 huchanganywa na maji yapatayo lita 25, na takriban nusu tu ya maji hayo ndiyo hushikamana na saruji ikawa ngumu kama jiwe. Yanayobaki hayana budi kutoka polepole na kwenda hewani. Juu ya hayo fundi mwenye kujua kazi hulimwagilia zege maji kwa siku saba au zaidi ili lisipasuke. Wahandisi hupima nguvu za zege baada ya siku 28, na wenye nyumba wengi wakisikia hivyo hudhani kwamba siku ya 29 jengo limekauka. Kukomaa si kukauka. Sakafu nene ya zege huweza kuchukua miezi kadhaa kabla ya kutoa unyevu wake wote, na zaidi ya hapo ikiwa ilijengwa wakati wa mvua za masika.

Mwenye nyumba hana miezi hiyo. Benki inamdai. Lipu hupigwa wiki hii, rangi wiki ijayo, na mwisho wa mwezi malori ya wapangaji yamefika mlangoni. Rangi ya mafuta ikipakwa juu ya lipu mbichi huufungia unyevu ndani, nao hutafuta pa kutokea. Ndipo unapoona rangi ikifura malengelenge, au unga mweupe kama chumvi ukijitokeza ukutani karibu na sakafu. Unga huo kweli ni chumvi, wala haukudhuru, lakini unakuambia kwamba maji bado yanapita humo. Kinachodhuru ni kile kinachofuata: vidoa vyeusi au vya kijani nyuma ya kabati, chini ya godoro lililoegemezwa ukutani, na katika pembe za chumba zisizofikiwa na jua. Hiyo ni kuvu.

Kuvu hurusha hewani mbegu ndogo zisizoonekana kwa macho. Mtu mwenye afya njema huzivuta na asihisi lolote, au apate mafua ya mara kwa mara. Kwa mtoto mwenye pumu, au aliye katika hatari ya kuipata, mambo ni tofauti. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mzima kuhusu unyevu na kuvu majumbani, likieleza kwamba wakazi wa nyumba zenye unyevu hupatwa zaidi na kikohozi, kukorota kwa kifua, pumu na maambukizi ya njia ya hewa. Mwongozo huo hautofautishi nyumba mpya na kuukuu. Unyevu ni unyevu.

Familia moja ilinijia na mtoto wa miaka mitatu aliyekuwa akikorota usiku kwa miezi miwili. Walikuwa wamehamia fleti mpya, ghorofa ya chini, na mtoto alikuwa amekwisha kupewa dawa za kuua viini mara tatu. Nyanya yake, aliyekuwa ametoka mashambani kuwatembelea, alishikilia kwamba kuna jirani mwenye kijicho aliyeona wivu kwa kuhama kwao. Niliwauliza kitanda cha mtoto kimewekwa wapi. Kilikuwa kimesukumwa hadi kwenye ukuta unaopakana na bafu. Walipokivuta waliona kuvu imetanda nyuma yake kama masizi. Mtoto alihamishiwa chumba chenye jua, akapewa dawa ya pumu ya kuvuta, na kifua kikatulia. Nyanya hakukubaliana nami kuhusu jirani, lakini alikubali kitanda kihamishwe.

Mbali na unyevu kuna ile harufu ya nyumba mpya, ambayo wengine huipenda kama wanavyopenda harufu ya gari jipya. Ni mvuke wa kemikali zinazotoka katika rangi, vanishi, tapentaini na gundi. Makabati ya siku hizi, yaliyotengenezwa kwa unga wa mbao uliogandishwa kwa gundi, hutoa gesi iitwayo fomaldehidi. Gesi hiyo huwasha macho na koo na huwachokoza wenye pumu. Mwaka 2004 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliiweka miongoni mwa vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Sisemi hivyo ili ukachome kabati lako. Mvuke huwa mwingi zaidi katika majuma na miezi ya kwanza, hasa wakati wa joto, kisha hupungua. Madirisha yakiachwa wazi hupungua upesi zaidi. Mama mjamzito na mtoto mchanga wasilale katika chumba kilichopakwa rangi jana.

Sasa nifike kwenye hatari iliyo kubwa kuliko zote nilizotaja, nayo huua kwa usiku mmoja. Nyumba nyingi za zamani zilikuwa na nyufa, matundu ya hewa juu ya dirisha, na milango isiyofunga sawasawa. Jiko la makaa liliwaka ndani na hewa chafu ikapata pa kutokea, ingawa moshi wa miaka mingi nao uliharibu mapafu ya mama zetu. Fleti mpya yenye madirisha ya alumini hufungika vizuri sana. Ukiingiza jiko la makaa ndani yake usiku wa baridi ya mwezi wa Julai ukafunga kila kitu, makaa yatatoa gesi ya kaboni monoksidi. Haina rangi wala harufu, nayo hushikamana na chembe nyekundu za damu kwa nguvu inayopita ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Makaa yaliyokolea, yasiyotoa moshi hata kidogo, huitoa vilevile. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi mzito. Watu hudhani ni malaria au chakula kibovu, wakarudi kulala. Wapo hata wanaowasha jiko ndani ya nyumba mpya makusudi ili kuzikausha kuta, kisha wakalala humo. Usithubutu! Nyumba hukaushwa na upepo na jua, na kwa siku nyingi.

Hewa hiyohiyo ndiyo sababu sikubali kwamba ujenzi wa kisasa umeushinda ule wa kale katika kila jambo. Viini vya kifua kikuu huenea kwa hewa. Mgonjwa hukohoa, na wanaovuta hewa ya chumba hicho kwa muda mrefu ndio huambukizwa. Mwaka 2007 watafiti walichapisha matokeo ya vipimo vya hewa katika hospitali nane za Lima, mji mkuu wa Peru, nchi iliyokuwa na kifua kikuu kingi kama sisi. Madirisha na milango ilipofunguliwa, vyumba vya majengo yaliyojengwa zaidi ya miaka 50 nyuma, vyenye dari ndefu na madirisha makubwa, vilibadilisha hewa yake yote mara 40 kwa saa. Vyumba vya majengo ya kisasa vilibadilisha mara 17 tu. Ukitaka kuona jambo hilo hapa kwetu, ingia nyumba ya zamani ya Mji wa Kale, Mombasa, mchana wa Februari, usimame chini ya dari yake ya boriti. Kisha nenda Pipeline, Embakasi, katika ghorofa zilizosongamana hivi kwamba unaweza kumpa jirani chumvi kupitia dirishani. Jengo ni jipya, lakini chumba cha kulala hakijapata kuliona jua tangu kijengwe.

Hata hivyo, nisije nikaonekana natetea magofu. Paa likivuja, nyumba kuukuu ina kuvu ileile ya nyumba mbichi. Kuta za kale za matumbawe na chokaa hupumua, yaani hupokea unyevu na kuutoa. Mwenye nyumba akizikandika saruji na kuzipaka rangi ya mafuta ili zionekane za kisasa, huzizibia pumzi, nazo huanza kuoza kwa ndani.

Kisha kuna asbesto. Mapaa ya kijivu yenye mawimbi bado yapo katika mitaa mingi ya zamani na katika majengo ya serikali na shule. Bati la asbesto lisilovunjika wala kuguswa halina hatari kubwa. Likikatwa kwa msumeno, likitobolewa au kusuguliwa, hutoa nyuzi nyembamba zinazoingia hadi ndani kabisa ya mapafu na kubaki humo. Maradhi yake, yakiwemo saratani ya mapafu na ya utando unaoyafunika, hujitokeza baada ya miaka 20 hadi 40 au zaidi. Fundi aliyelipanda paa akiwa kijana huugua akiwa babu, na hakuna anayekumbuka paa lile. NEMA ina miongozo ya kuondoa na kutupa asbesto, na kazi hiyo si ya kumpa kijana wa mtaani mwenye nyundo. Msitumie vipande vyake kujengea banda la kuku.

Rangi ya zamani nayo huenda ina madini ya risasi. Wasomaji wa Mombasa hawajasahau yaliyowapata wakazi wa Owino Uhuru kutokana na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu, hivyo sina haja ya kueleza sana jinsi risasi inavyoharibu akili ya mtoto. Hakuna kiasi cha risasi katika damu ambacho kimejulikana kuwa salama. Rangi ikiwa imara ukutani haina neno. Ikibanduka, mtoto huokota magamba yake na kuyatia kinywani, na fundi akipiga msasa, vumbi huenea nyumba nzima. Kuta za namna hiyo zilowanishwe kwanza ndipo zikwanguliwe, watoto wakiwa wamepelekwa kwingine, na sakafu ipigwe deki badala ya kufagiliwa.

Kwa upande wa mbu, nyumba ya kisasa inastahili sifa zote. Uchunguzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba uwezekano wa kuambukizwa malaria ulikuwa mdogo kwa asilimia 47 kwa wakazi wa nyumba za kisasa kuliko wa nyumba za kienyeji. Sababu ni dhahiri: hakuna mwanya kati ya ukuta na paa, na madirisha huwekwa wavu. Kwa msomaji wa Kisumu au Kilifi hilo ni jambo zito. Ila mapipa na mashimo ya maji yanayoachwa wazi mahali pa ujenzi huwazalisha mbu hao hao, pamoja na wale wa homa ya dengi wanaouma mchana.

Basi, kabla hujalipa kodi ya kwanza na amana, nenda ukaione nyumba baada ya mvua. Weka kiganja ukutani nyuma ya mlango na chini ya dirisha. Kama ni mpya, muulize mlinzi au fundi, si dalali, lipu ilipigwa mwezi gani. Kuna kipimo kisichogharimu kitu: chukua karatasi ya nailoni yenye upana wa nusu mita kila upande, ibandike sakafuni au ukutani kwa utepe pande zote nne, urudi kesho yake. Ukikuta matone ya maji chini ya nailoni, au sehemu hiyo imegeuka nyeusi, nyumba ni mbichi. Omba wiki nyingine, au angalau usichague ghorofa ya chini.

Ikiwa umekwisha kuhamia, acha nafasi ya kiganja kati ya kabati na ukuta, fungua madirisha ya pande mbili kila asubuhi hata kama kuna baridi, na usianike nguo ndani. Na ukimpeleka mtoto anayekohoa kwa daktari, mwambie mlihama lini, kitanda chake kimegusa ukuta upi, na mnapikia nini.