Oili Iliyotumika Hufichua Siri za Injini

Kazi kuu ya oili ni kutenganisha sehemu za injini zinazosuguana. Kazi hiyo hutegemea mnato, yaani ukinzani wa kiowevu dhidi ya kutiririka. Joto likizidi, mnato hupungua. Utando wa oili ukiwa mwembamba mno, metali hugusana na kulika.

Chembe zilizolika, nyingi zisizoonekana kwa macho, huelea katika oili. Mwaka 1946, maabara ya shirika la reli la Denver and Rio Grande Western, nchini Marekani, ilifaulu kugundua hitilafu za injini za dizeli kwa kupima metali zilizomo katika oili hiyo. Sampuli ikiunguzwa kwa cheche za umeme, kila elementi hutoa mwanga wake wa pekee. Chuma aghalabu hutoka kwenye silinda, aluminiamu kwenye pistoni, shaba na risasi kwenye beringi. Silikoni hudokeza vumbi lililopenya chujio la hewa.

Weusi wa oili peke yake si dalili ya ubovu, kwani kubeba masizi ni mojawapo ya kazi zake. Wala kipimo kimoja hakitoshi. Fundi hulinganisha vipimo mfululizo. Shaba ikipanda ghafla, beringi hukaguliwa kabla injini nzima haijaharibika.