Rumonge: Michikichi Yenye Wenyewe Wawili

Asafiriye kutoka Bujumbura kuelekea kusini hana njia ya kupotea. Ziwa Tanganyika liko mkono wake wa kulia, milima iko mkono wake wa kushoto, na barabara imebanwa katikati kama uzi katika pindo la kanzu. Atapita Mugere, penye jiwe la ukumbusho wa Livingstone na Stanley waliopita huko mwaka 1871, kisha vijiji vya wavuvi kimoja baada ya kingine, hata milima irudi nyuma kidogo na tambarare ya Imbo ipate nafasi ya kupumua. Hapo, yapata kilomita 75 toka Bujumbura, michikichi huanza kusimama pande zote mbili za njia, na harufu ya mawese humjia msafiri kabla hajauona mji. Ndiyo Rumonge.

Ndugu zetu askari wa jeshi na wa polisi waliopata kupangiwa kazi katika mji huo wanaujua kwa joto lake na kwa samaki wake. Sisi leo tunapenda kuwaeleza jambo jingine, nalo ni mambo ya ardhi iliyo chini ya michikichi ile. Askari mgeni huweza kuipita kila siku akiwa lindoni asitambue kwamba mstari wa miche ya minyaa anaouvuka unawagombanisha watu ambao wote wawili wana haki.

Kwanza tuutazame mji wenyewe. Wasemao kwamba Kiswahili ni lugha ya pwani ya bahari tu hawajafika pwani hii. Sokoni Rumonge mteja husalimiwa kwa Kirundi au kwa Kiswahili bila ya mtu kufikiri sana ni ipi kati ya hizo mbili, na mara nyingi sentensi huanza katika lugha moja ikamalizikia katika nyingine. Adhana ya alfajiri huwakuta wavuvi wakirejea kutoka ziwani. Siku ya Ijumaa kanzu na kofia hujaa njiani, na siku ya Idi wali wa pilau hupikwa katika nyumba ambazo siku nyingine zote zinatosheka na ugali wa muhogo. Waislamu ni wachache katika Burundi nzima, lakini katika mji huu si wachache.

Chanzo cha hayo ni ng'ambo ya kusini, Ujiji. Katika karne ya 19 majahazi na mitumbwi ya wafanya biashara wa Ujiji ilikuwa ikifika katika fukwe hizi kutafuta pembe za ndovu na, twasema kweli, watumwa. Mkubwa wao alikuwa Muhammad bin Khalfan, aliyejulikana zaidi kwa jina la Rumaliza, ambaye alitamani kupanda hata milimani lakini akazuiliwa na majeshi ya Mwami Mwezi Gisabo. Wamisionari Wakatoliki wa shirika la White Fathers walijaribu pia: walifungua kituo Rumonge mwaka 1879, na mwaka 1881 watatu kati yao wakauawa huko. Mlima ukabaki wa mwami, na ufuko ukabaki na lugha na dini ya wasafiri wa ziwani. Baadaye Wajerumani walipokuja na askari wao wasemao Kiswahili, lugha ikapata nguvu zaidi.

Ni vema ieleweke kwamba katika Burundi neno "Mswahili" halitaji kabila. Hutaja mtu wa mjini, mara nyingi Mwislamu, ambaye babu yake huenda alitoka Ujiji, au Kongo, au kilima kilicho nyuma ya nyumba yake. Mtaa wa Waswahili wa Bujumbura, Buyenzi, ulikaa na watu wake mchanganyiko katika miaka ya 1990, wakati mitaa mingine mingi ya jiji lile ilipogawanyika kwa kabila na kumwaga damu. Hatusemi kwamba Waswahili ni malaika. Twasema tu kwamba jambo hilo lilitokea, na linafaa kukumbukwa na kila abebaye silaha.

Uvuvi tutaueleza kwa ufupi, maana wengi wanaujua. Ndagala huvuliwa usiku wa giza kwa taa: zamani kwa karabai, siku hizi zaidi kwa taa za betri na za jua. Mbalamwezi ikiwa kamili samaki hawakusanyiki kwenye taa, na mvuvi hulala nyumbani. Mukeke, ambaye ndugu zetu wa Kigoma humwita mgebuka, huwafuata ndagala ili awale, naye mvuvi humfuata. Hayo ni maisha ya nusu ya mji. Nusu ya pili inaishi kwa mchikichi.

Mchikichi si mti wa haraka, wala si mti wa kusubiriwa sana. Hupandwa, na katika mwaka wa tatu au wa nne huanza kuzaa. Kisha huzaa miaka ishirini na mitano na zaidi, mpaka urefu wake umtishe mkwezi. Mkwezi hupanda na kamba yake kiunoni, akakata vichala vilivyoiva, na chini wapo wengine wa kuokota chikichi zilizotawanyika. Chikichi huchemshwa katika mapipa, hupondwa, hukamuliwa katika mashine ambayo mara nyingi husukumwa na vijana wakizunguka nayo kama ng'ombe wa kinu, na mafuta mekundu hutoka. Hakuna kinachotupwa: makapi ni kuni, na kokwa, yaani mise, hupasuliwa ili zitoe mafuta ya namna nyingine. Kiwanda cha SAVONOR mjini Bujumbura hutengeneza sabuni kwa mafuta ya mawese. Kwa hiyo mwenye michikichi hamsini hana mshahara, lakini ana kitu kinachofanana nao, na atamwachia mwanawe.

Na hapa ndipo penye mgogoro. Mti unaozaa robo karne hukua katika ardhi ya nani?

Tarehe 29 Aprili 1972 maasi yalianza katika Rumonge, Nyanza-Lac na Bujumbura. Waasi wa Kihutu waliwaua Watutsi wengi katika ufuko huu wa kusini, raia na watumishi wa serikali. Kisasi cha serikali ya Rais Michel Micombero na jeshi lake hakikuishia kwa waasi. Kilienea nchi nzima kwa muda wa miezi, kikawachukua walimu, wanafunzi, makarani, askari wa Kihutu na wakulima wasiojua lolote; waliouawa hukadiriwa kuwa kati ya laki moja na laki tatu. Katika Rumonge, waliosalia walikimbilia ziwani na mipakani. Wengi wao walifika Tanzania, wakapelekwa katika makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo, wakakata misitu na kuanza upya.

Nyuma yao mashamba hayakukaa bure. Wengine waliyachukua kwa nguvu. Wengine, na hawa ndio wengi wasiosemwa, walikuja kutoka milimani kusikokuwa na nafasi, wakapewa viwanja na wakuu wa serikali kwa utaratibu uliokuwa halali machoni pao. Katika miaka ya 1970 na 1980 kilimo cha michikichi kilipanuliwa chini ya mashirika ya serikali. Mipaka ya zamani ikafutwa na miche mipya ikapandwa kwa mistari. Mtu aliyepewa kiwanja hicho alichimba mashimo, akapalilia, akajenga, akazika wazee wake hapo. Ukimwambia kwamba yeye ni mwizi atashangaa, na kwa haki.

Sheria nayo ikaongeza uzito wake. Kanuni ya ardhi ya mwaka 1986 ilimpa mtu aliyekaa katika ardhi miaka 30 haki ya kuwa mwenyewe, na miaka 15 tu kama alikaa kwa nia njema. Hebu tufanye hesabu. Aliyekimbia mwaka 1972 alipaswa kurudi na kudai kabla ya 2002. Lakini mwaka 2002 Burundi ilikuwa bado vitani, na mkimbizi alikuwa bado Ulyankulu. Mkataba wa Arusha wa tarehe 28 Agosti 2000 ulikuwa umeahidi kwamba wakimbizi watarudishiwa mali zao, hasa ardhi, au walipwe fidia ya haki. Kwa hiyo watu wawili walisimama mbele ya shamba moja, mmoja ana Mkataba mkononi, wa pili ana Kanuni.

Kuanzia mwaka 2008 wakimbizi wa 1972 walirudi kwa wingi, zaidi ya elfu hamsini kutoka makazi yale ya Tanzania. (Wengine zaidi ya laki moja na sitini walichagua kubaki, na uraia wao wa Tanzania ukakamilishwa mwaka 2014.) Tume ya Taifa ya Ardhi na Mali Nyinginezo, iliyojulikana kwa herufi CNTB, ilikuwa imeundwa mwaka 2006. Chini ya Padri Astère Kana tume hiyo ilipendelea kugawa: nusu kwa aliyerudi, nusu kwa aliyekuwapo. Wengi walinung'unika, lakini wengi waligawana. Tangu mwaka 2011, chini ya Sérapion Bambonanire, mwendo ulibadilika, na shamba lote likaelekea kurudishwa kwa mwenyewe wa kwanza. Hata baadhi ya waliokwisha kugawana walijikuta wakiitwa tena. Mahakama maalumu ya ardhi iliundwa mwaka 2014. Muda wa CNTB ulikwisha mwaka 2022, lakini kesi zote hazikwisha pamoja nao.

Maoni yetu ni kwamba njia ya kugawa, pamoja na kasoro zake, ilijua jambo ambalo njia ya pili haikulijua: kwamba ardhi na mti si kitu kimoja. Mmoja ana udongo wa baba yake, mwenzake ana miaka thelathini ya jasho lake juu ya udongo huo. Kumpa mmoja vyote ni kumnyang'anya wa pili, hata kama hakimu ameandika vizuri.

Na amri inapotoka, nani huipeleka? Hapo ndugu msomaji unaingia wewe. Mjumbe wa tume huja na karatasi, lakini mlangoni husimama polisi. Mwezi wa Mei 2013, Ngagara, mjini Bujumbura, polisi walipokwenda kuwatoa watu katika nyumba iliyoamuliwa kuwa ya mkimbizi aliyerudi, wakazi waliwapinga, na mabomu ya machozi yakatumika. Katika mashamba ya michikichi ya Rumonge hakuna waandishi wa magazeti wengi kama mjini, na panga la mkwezi halikai mbali na mkono wake. Askari anayefika huko akimwita mmoja "mvamizi" na mwingine "mtu wa Tanzania" amekwisha kuhukumu kabla ya kusoma karatasi.

Tena jeshi na polisi vya leo, vilivyoundwa kwa sheria za mwisho wa mwaka 2004, vinawachanganya watu kwa makusudi. Mkataba wa Arusha uliweka kwamba kabila moja lisizidi nusu ya jeshi. Kwa hiyo katika bweni moja huweza kulala kijana ambaye baba yake alikimbia kwa mtumbwi, na kitanda cha pili kijana ambaye baba yake alipewa kiwanja. Wote wawili hupokea amri ileile.

Waliorudi walikuja na kitu ambacho Rumonge ilikitambua upesi. Watoto waliozaliwa Katumba au Mishamo walikuwa wamesoma kwa Kiswahili. Kifaransa hawakukijua, na Kirundi chao kiliwachekesha wenzao darasani. Milimani jambo hilo liliwatenga. Mjini Rumonge, penye duka, gati na msikiti, liliwafungulia mlango, maana mwenye shamba wa zamani na mwenye shamba wa sasa waliweza kutukanana, na baadaye kupatana, katika lugha ambayo haikuwa ya ofisi. Wasiokuwa na shamba la kulikumbuka kabisa, au waliolikosa, walijengewa vijiji vya amani. Kimoja kiko Mutambara, karibu na mji. Nyumba ni za matofali, zimepangwa kwa mistari, na watu wa makabila yote waliwekwa humo pamoja. Kilichopungua ni mashamba. Mkulima mwenye nyumba na asiye na shamba huamka asubuhi akatafute kibarua katika michikichi ya wengine, pengine ile ile ambayo babu yake aliielekezea kidole.

Na sasa amekuja mdai wa tatu. Tangu miaka ya karibuni Ziwa Tanganyika limekuwa likipanda, na mwaka 2024 lilifika kimo ambacho watu wazima wengi hawajapata kukiona. Maji yaliingia katika nyumba za ufukoni na katika gati. Sheria ya maji ya mwaka 2012 inakataza kujenga ndani ya mita 150 kutoka ziwani, lakini wengi waliojenga humo ni wavuvi, au ni watu waliokosa mahali pengine pa kujenga. Wakihamishwa, watapelekwa wapi? Upande wa pili wa barabara ni michikichi, na kila mchikichi tumekwisha kusema una wenyewe wangapi.

Rumonge ilifanywa mkoa mwaka 2015. Kwa mpango mpya uliotekelezwa mwaka 2025 imekuwa wilaya katika mkoa wa Burunga. Ofisi zimehama, mihuri imebadilika, na mafaili ya ardhi yamebebwa tena kutoka kabati hadi kabati. Jioni, vijana wa mashine za mawese huoga ziwani wakijisugua kwa sabuni mpaka wekundu uwatoke mikononi. Mwezi ukiwa mwandamo, mitumbwi husukumwa majini, na baada ya muda taa zake huonekana mbali, nyingi, upande wa Kongo.